Sahani Isiyo na Chumvi

Jana nilikusikia, mwanangu, ukimcheka shangazi yako mwenye presha kwa mboga yake isiyo na chumvi. Sikusema kitu mbele za watu. Leo nitasema, maana kicheko kile nakijua, kiliwahi kuwa changu.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali imeruhusu kila mtu afanye biashara. Mdogo wangu Desideri aliacha jembe, akawa anavuka mpaka wa Kasesya kufuata mipira ya baiskeli Zambia na kuiuza hapa Sumbawanga. Mimi mkubwa nimebaki na mahindi na ulezi wangu. Yeye ana duka, ana koti, watu wanamwita bosi. Wivu, mwanangu! Nikisikia kengele ya baiskeli yake, naingia ndani na kufunga mlango.

Siku moja akarudi kutoka zahanati na vidonge. Aliambiwa ana presha, mishipa yake ya damu imekakamaa, haitanuki vizuri moyo unaposukuma damu. "Kama mpira uliokaa sana juani, kaka," akanieleza huku anacheka. "Nisipomeza hivi kila siku na kupunguza chumvi, naweza kupata kiharusi." Unajua? Nikamwonea wivu hata huo ugonjwa! Siku hizo tulisema presha ni ya matajiri.

Pasaka tukakusanyika kwa mama. Ugali wa ulezi, dagaa wa Kirando waliokolea chumvi, sinia moja kama kawaida yetu. Desideri akatoa kibakuli alichopikiwa na mkewe. Hapo nikapata pa kumshika. Kwetu, anayekataa sinia la ndugu zake amesema anaogopa kulishwa sumu, nami nililijua hilo vizuri. Nikapaza sauti: "Bosi, kwani sisi wachawi?"

Mama akainamisha kichwa. Desideri akasukuma kibakuli pembeni, akala nasi. Tangu siku ile akaacha kibakuli, akaacha na vidonge, asije akaitwa mwenye maringo. Moyoni nilishangilia, Mungu anisamehe.

Wakati wa mavuno, tukiwa kwenye sinia lilelile, tonge likamdondoka. Mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Watu wakaanza: amelogwa, amelogwa. Hospitalini tukaambiwa mshipa wa kichwani umeziba, damu haikufika kwenye ubongo. Nikamwambia mama, "Aliyemloga ni mimi."

Mkono wake wa kulia haukurudi kufanya kazi. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo nilimlisha mimi, mboga isiyo na chumvi, nami nikala hiyohiyo. Na bado, kila nilipomwona mkewe anamfuta mdomo kwa upendo, wivu ulinichoma. Haufi upesi huo.

Basi nisikilize. Ukiona mtu amepakua chakula chake pembeni, mwache ale. Akiwa na vidonge, mkumbushe saa. Nawe nenda ukapimwe presha hata kama huumwi popote, kwa sababu mishipa inakakamaa kimyakimya. Na ukimwonea ndugu yako wivu, mwambie Mungu, usimwambie yeye mbele ya chakula.

Sasa nenda kamwombe radhi shangazi yako, mle naye sahani yake. Mungu akulainishie moyo na mishipa, mwanangu, na mkono wako ufike mdomoni mpaka uzeeni.