Utando wa Buibui Kwenye Ilimba ya Babu

Kuitikia "ndiyo" kabla ya kuelewa ni kosa dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo. Nimewakemea wengi kwa kosa hilo, wanafunzi na wazazi wao, bila kuwaambia kwamba nalijua kutoka ndani.

Mwezi uliopita nilikuwa Miyuji, nyumbani kwa binti wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kurekodi kwaya na kusafisha sauti zao kwa kompyuta. Alinionyesha mstari wa kijani uliopanda na kushuka kwenye kioo.

"Hilo ndilo umbo la wimbi la sauti, Shangazi. Hapa mtu kakohoa, nakata. Hapa besi wamechelewa kuingia."

Kisha akafungua sauti ya ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo, aliyoirekodi Bahi. Mstari ukaota meno kama msumeno.

"Umeelewa, Shangazi?"

Neno "ndiyo" likanijia mdomoni, na papo hapo nikasikia harufu ya vumbi la tembe la babu.

Unalikumbuka tembe, rafiki yangu? Nyumba ndefu ya miti na udongo, paa bapa, ndani giza lenye ubaridi hata jua la Oktoba likiunguza. Asubuhi bibi alitwanga uwele, kengele za mbuzi zikaelekea malishoni, na chungu cha mlenda kikaanza kutokota. Babu hakuyaona hayo. Maradhi ya macho yalimpofusha kabla sijazaliwa. Alichobaki nacho ni ilimba. Kila jioni aliketi kizingitini akaipiga, na chini ya kila sauti kulikuwa na mvumo kama wa nyuki. Tulipousikia, tulijua siku imekwisha salama.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu alitufundisha mambo mawili katika juma moja. La kwanza, utando wa buibui ni alama ya uvivu, na kila mtoto akautoe nyumbani kwao. La pili, sauti ni wimbi. Alichora ubaoni mstari wa vilima na mabonde. Vilima vikiwa virefu, sauti ni kubwa. Vikiwa vingi ndani ya sekunde moja, sauti ni nyembamba. Vikiwa vichache, ni nzito.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Mimi sikuelewa hata wimbi hilo linapita wapi, wala kwa nini silioni. Nilipaza sauti kuliko wote.

Jumamosi nikasafisha tembe. Nilitoa utando darini, nikautoa nyuma ya vibuyu, na mwisho nikaikuta ilimba ukutani. Mbele yake ilikuwa na matundu mawili, na kila tundu limezibwa kwa utando mweupe wa buibui. Nikaukwangua kwa kucha, nikijiona mtoto mwema. Nilipobonyeza ulimi mmoja wa chuma, sauti ikatoka uchi, bila nyuki. Nilijua nimeharibu kitu. Kitu gani, sikujua. Nikachana karatasi ya daftari, nikaibandika juu ya matundu kwa ugali uliolala.

Jioni babu akapiga, akaacha. Akapitisha ncha ya kidole mbele ya ilimba, akakuta matundu yamezibwa kama kawaida. Akapiga tena.

"Mjukuu wangu, inalia kama jana?"

"Ndiyo, Babu."

Akaiweka chini polepole. "Basi na masikio yameanza kuondoka," akamwambia bibi. "Macho yalitangulia, haya yanafuata."

"Acha maneno, mzee. Juzi nimekuita mvivu nikiwa kisimani, na ukajibu."

Babu hakucheka. Jioni ya pili hakuigusa ilimba. Ya tatu hakula.

Nami nilikuwa nimepotea. Ulimi wa chuma ni ule ule, nikajiambia, kwa hiyo vilima ni vingi vile vile. Nimeubonyeza kwa nguvu ile ile, kwa hiyo kimo ni kile kile. Kwa mujibu wa ubao, sauti haikubadilika na "ndiyo" yangu ilikuwa ya kweli. Mbona basi babu ameacha kula? Nilizunguka na fumbo hilo siku nne, nisijue kama nimedanganya au la. Kumuuliza mwalimu sikuweza. Nilikwisha kumwambia kwamba nimeelewa.

Jirani yetu alikuwa fundi redio, Mrangi aliyehamia kutoka Kolo. Siku ya tano akaja kumjulia babu hali.

"Mbukwenyi!" akasalimu kwa Kigogo. "Mzee, mbona ng'ambo hii ya ua kimya?"

"Masikio, Mrangi. Yamekwisha."

"Yamekwisha, nawe umenitambua kabla sijavua viatu?"

Akaichukua ilimba, akabonyeza, akatazama matundu. Mistari ya daftari ilikuwa pale, pamoja na kipande cha hesabu yangu ya kuzidisha. Akanitazama. "Niazime binti huyu, Mzee, anishikie waya."

Kibarazani kwake alilaza spika chali, akanyunyizia punje za uwele, akafungua redio. Punje zikaruka.

"Umeona wimbi?"

"Ndiyo."

"Umeona punje. Wimbi hujaliona. Usinipe ndiyo ya bure."

Akachora vumbini mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa laini, kama migongo ya ng'ombe waliolala. Wa pili ulikuwa na vilima vya idadi ile ile na kimo kile kile, ila kila kilima kimeota vijimeno.

"Chuma kinatoa vilima. Utando unatetemeka pamoja nacho, unatia meno. Idadi sawa, kimo sawa, umbo mbali. Ndiyo maana bibi yako na mama yako wakiimba noti moja, unajua yupi ni yupi. Karatasi yako nzito, haitetemeki vile."

"Sijaelewa," nikasema. Lilikuwa neno geni kinywani mwangu.

Akafuta, akachora upya. Mara tatu.

"Babu yako amesoma wimbi sawasawa kuliko sisi sote," akamaliza. "Kamwambie. Mimi sitakusemea."

Nilimwambia nikilia. Babu akaligusa sikio lake.

"Kumbe mimi si kiziwi," akasema. Kisha: "Ungesema siku ile, ningekuchapa, yakaisha. Umenizika siku nne nikiwa hai."

Sijawahi kupigwa fimbo iliyouma hivyo. Akanituma nikatafute utando nyuma ya mlango wa ghala. Tukaubandika kwa utomvu wa mnyaa, na jioni nyuki wakarudi. Akala.

Leo pale pana nyumba ya matofali na bati, safi, isiyo na buibui hata mmoja. Bibi na babu wamelala. Ilimba sijui iliishia kwa nani. Wala sielewi bado jinsi mstari wa kijani unavyoweza kumrudisha mzee kizingitini kwake.

"Hapana, mwanangu," nikamjibu binti wa kaka yangu. "Sijaelewa. Anza upya."

Akacheka, akaanza upya.

Yule fundi alirejea Kolo kabla sijajua kushukuru. Tulimwita Mrangi tu, na miaka ikapita kabla sijaona aibu ya kutouliza jina lake. Nilipouliza, nikaambiwa aliitwa Swalehe.