Bahari ya Ipagala

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Alipohamishiwa Dodoma kikazi alikuja na sanduku la nguo, feni moja, na huzuni ya kutosha ukoo mzima. Upepo wetu unampasua midomo. Vumbi letu linamkohoza. Samaki wetu wa bwawani wananuka tope, na anayebisha hajawahi kula samaki. Mimi ni Mgogo wa Kongwa, nimekulia kwenye upepo huo huo, kwa hiyo nilimsikiliza kwa uvumilivu wote nilionao, yaani kidogo.

Siku moja akatangaza kwamba kama yeye hawezi kwenda baharini, bahari itakuja Ipagala, mtaani kwetu. Wanaume wengine wakikumbuka kwao hupiga simu. Wangu alileta tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, pampu, taa za bluu, mawe ya kushikilia matumbawe, na mifuko ya chumvi maalumu. Jirani yetu alikuja kutazama akashangaa. "Chumvi ya nini tena? Maji ya bomba la hapa si yana chumvi tayari? Wamwagie samaki hayo hayo." Mume wangu alimtazama kama mtu aliyetukana dini. Maji ya bomba, alieleza, huchujwa kwanza mpaka yabaki maji matupu, ndipo yatiwe chumvi ya bahari.

Kisha tukasubiri. Tangi jipya haliwekwi samaki mara moja. Lazima maji yakomae. Kwa majuma kadhaa sebule yetu ilikuwa na mawe yanayoogeshwa maji yaliyochujwa, chini ya taa, huku mimi nikioga kwa kopo kwa sababu ya mgao wa maji. Wageni walikaa kwenye kochi, wakayatazama mawe, wakayasifu. Watu wa huku tuna adabu.

Hatimaye samaki wakafika, kila mmoja na mfuko wake wa maji na hewa. Walikuja kwa treni ya umeme, ambayo mimi mwenye nyumba nilikuwa bado sijaipanda. Walikuwa wadogo, rangi ya machungwa, wenye mistari myeupe, na sura ya watu waliodanganywa kuhusu mahali pa kupanga.

"Hawa wakifa naomba uhamisho," alisema mume wangu, pua ikiwa imeganda kwenye kioo. "Nitajua huku hakutaki kitu cha bahari, na mimi nikiwemo."

Nilicheka. Halafu nikaona yeye hacheki. Nilitaka kubaki. Nafundisha hapa, mama yangu yuko peke yake Kongwa, na Tanga ningekuwa mgeni mpaka siku ya kuzikwa. Niliogopa, nasema wazi.

Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa bahari. Ofisi ya mume wangu inapenda semina, na semina zinapenda pwani. Kwa hiyo yeye alikuwa akienda kwenye bahari yenyewe na kuniachia mimi ya kioo. Upepo wa Dodoma unakunywa maji ya tangi kuliko ng'ombe. Maji yanapotea, chumvi inabaki, na kila asubuhi lazima uongeze maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, la sivyo bahari inageuka mchuzi uliokosewa. Chumvi nyingine ilipanda ukingoni ikaganda, nyeupe, ya unga unga. Nilielekezwa niwe naifuta. Nilikuwa na kazi nyingine duniani.

Juma moja semina ikawa Tanga kwenyewe. Mama akaja kunitembelea na mlenda mkavu, ile mboga yetu ya kuteleza, karanga, na dumu la mafuta ya alizeti. Asubuhi umeme ukakatika. Pampu zikanyamaza. Baada ya muda samaki wakapanda juu, midomo wazi. Nikashika jagi, nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa.

"Unapoza uji wa nani?" mama aliuliza.

"Nawapa samaki hewa, mama."

"Samaki wanakaa majini, mwanangu. Hewa ya nini?"

Hata hivyo alichukua kata akanisaidia. Tulipokezana mpaka mikono ikafa ganzi. Umeme ulirudi jioni, bila hata kuomba radhi, ukawakuta samaki wote wameelea. "Hawa hata kwa kukaanga hawatoshi," mama alisema. Alipouona uso wangu akawachukua, akawafukia chini ya mpapai. Sikumwambia habari ya uhamisho. Niliingia bafuni nikawalilia samaki ambao nilikuwa nawasema vibaya tangu walipoingia.

Mume wangu alirudi kesho yake mchana. Aliweka begi chini, akasimama mbele ya tangi. Taa zilikuwa zinawaka na mawe yanaoga vizuri kabisa.

"Umeme?"

"Umeme."

Akakaa. Nikaandaa chakula. Mama, kwa heshima ya mkwe, alibaki jikoni, akizungumza kupitia kwangu ingawa mlango ulikuwa wazi na kila mtu anamsikia mwenzake. Mlenda mume wangu huwa anaugusa tu kwa ustaarabu. Siku hiyo alichovya tonge, akatulia, akachovya tena.

"Huu mlenda umetiwa nini?"

"Mama, mkwe wako anauliza mlenda umetiwa nini."

"Mwambie ni magadi yao wenyewe. Nimeyakwangua pale kwenye tangi lao. Mazuri, ila makali kidogo."

Kwetu magadi hukwanguliwa ardhini yakiwa yameganda meupe, na bila hayo mlenda haulainiki. Kwa mama, kitu cheupe kilichoganda pembeni ya maji hakina kazi nyingine.

Mume wangu alicheka mpaka akaweka tonge chini. Mimi sikuweza kucheka.

"Sasa uhamisho?" nikamuuliza.

"Nilikwenda kumsalimu mama yangu kule Tanga. Nikamwambia joto limenishinda, nguo zinanata, sijui watu wanalalaje. Akaniuliza, 'Basi utarudi lini kwenu?' Alikuwa na maana ya huku."

Kisha akanisogezea bakuli. "Mwambie mama aniongezee."

Nilikwenda nalo jikoni haraka. Mama alikuwa ameshashika upawa. Akanitazama usoni, akaniuliza nina nini.

"Moshi, mama," nilisema, nikijifuta macho. Jiko letu ni la gesi.