Mkutano wa Kurudisha Viboko

Leo wazazi wenzangu wamenichosha kabisa.

Tuko kwa mkutano shuleni, hapa Kathiani. Baba Mutinda anasimama, kofia mkononi: "Mwalimu, hawa watoto mmewaachilia sana. Sisi wazazi tumewapa ruhusa. Chapeni tu!"

Makofi hadi mabati yanalia.

Mwalimu mkuu, mama mpole sana, akaeleza kwamba sheria imekataza viboko, na mzazi hawezi kumpa ruhusa ya kuvunja sheria.

"Hiyo sheria ni ya watu wa Nairobi!" mama mmoja akapaza sauti.

Nikasimama nikasema mtoto ako na haki zake. Nikaambiwa nikae, eti mimi nalea watoto na simu. Haya, nikakaa.

Mwalimu mkuu naye akachoka. "Baba Mutinda, tuseme sheria imekubali. Nianze na Mutinda wako? Si ndiye alivunja dirisha juzi?"



Baba Mutinda akavaa kofia polepole. "Aii, mwalimu. Mutinda huwa tunaongea naye tu nyumbani, anaskia. Mimi nilikuwa nasema hawa wengine."

Na akapigiwa makofi tena!

Sasa nisaidieni, watu wangu. Hawa wengine ni watoto wa nani?