Taa Iliyobaki Kijani

Siku ya taa ya damu naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira zinanipanda upya, kwanza juu yangu mwenyewe. Safari hii zimenipanda juu yako pia. Wiki iliyopita ulinionyesha ukurasa wako wa dawa ya sumu ya nyoka, ule wa kuwaambia wauguzi wa Kiambi na Manono ni kituo gani bado kina dozi. Ukurasa mzuri, sikatai. Ukaniambia laini ya soketi, ile ya kuleta habari papo hapo, iko hai, tazama, Mama, taa ya kijani. Nikainama chini ya meza nikachomoa waya wa mtandao. Tukangoja. Taa yako ikabaki kijani. Ukacheka, ukasema, "Mama, ile haiko shida, réseau yetu unaijua," yaani mtandao wetu hukatika kila mara. Ulishangaa kuona nimechukua mkoba wangu nikatoka bila kukuaga. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo ningekutukana.

Nilikuwa na umri kama wako nilipomaliza masomo Lubumbashi na kurudi hapa Kalemie. Watu waliojua kutengeneza seva mjini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba mimi ni mmoja wao. Hospitali moja, sitaitaja, ikanipa kazi: vituo vya afya vya barabara ya Nyunzu vione kwenye simu kama damu ipo au imekwisha. Mwanamke akitokwa na damu wakati wa kuzaa, muuguzi wa katikati ya njia anapaswa kuamua haraka: ampandishe pikipiki aje kwetu, au ampeleke upande wa Nyunzu, ambako nako kulikuwa na friji ya damu. Akikosea, hakuna muda wa kugeuza.

Haya ya kiufundi unayajua, lakini nivumilie, maana kuyajua na kuyafikiria ni mambo mawili. Seva ya tovuti ni kama karani wa dirishani: unauliza, anakujibu, anafunga dirisha. Damu ikiisha dakika moja baadaye, hatakufuata kukuambia. Kwa hiyo kando yake, kwenye mashine ileile, niliweka programu ya pili, ya soketi, inayoacha laini wazi kati ya maabara na simu zote, kama simu ambayo hakuna anayeikata. Fundi wa maabara akibonyeza kitufe, taa inageuka kwa wote papo hapo: kijani damu ipo, nyekundu imekwisha.

Siku ya kuifungua rasmi kulikuwa na hotuba na soda. Nikabonyeza kitufe mbele ya wakubwa, simu zote ukumbini zikawa nyekundu kwa pamoja, watu wakapiga makofi. Mama yangu alilia kwa furaha. Hakuna aliyeuliza laini ikifa taa itakuwa na rangi gani. Hata mimi, mwenye kuitengeneza, sikujiuliza, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu wao hawakusomea.

Seva ya tovuti niliipanga iwake yenyewe umeme ukirudi. Ile ya soketi niliiwasha kwa mkono, nikasema nitaipanga wiki ijayo. Unaijua hiyo wiki ijayo. Halafu kile kitufe cha maabara nilikifanya kigeuke rangi mara tu kinapobonyezwa, kabla seva haijajibu kwamba imepokea, kwa kuwa ilipendeza kuona kinaitikia haraka. Ilipendeza! Nilikuwa natengeneza kitu cha kupendeza.

Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi baada ya saa moja. Seva ya tovuti ikaamka, ya soketi ikabaki imelala. Ukurasa ulifunguka kama kawaida na taa ya mwisho iliyohifadhiwa: kijani, damu ipo. Karibu saa tano, mifuko miwili ya mwisho ikatumika. Fundi wa maabara, mtu makini, akabonyeza kitufe. Kwenye kompyuta yake kikawa chekundu, akarudi kwenye kazi yake akijua ametuambia wote. Hakuna hata simu moja iliyopata habari hiyo.

Saa sita mchana, kwenye kituo cha afya cha njiani, mwanamke anayeitwa Feza akaanza kutokwa na damu kabla mtoto hajatoka. Muuguzi akatazama simu yake. Kijani. Akampandisha pikipiki kuja Kalemie, mama mkwe wake amemshika kwa nyuma.

Walipofika, friji ilikuwa tupu. Wakaanza kukimbizana kwenye korido kutafuta mtu wa kumtolea damu. Dereva wa pikipiki, bado na vumbi la njia usoni, ndiye aliyenyoosha mkono, na damu yake ikakubaliana na ya Feza. Feza alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na yeye hakupona. Upande wa Nyunzu, mchana ule wote, damu ilikuwepo.

Siku ya pili baba yake Feza alikuja ofisini kwangu. Aliitwa Papa Kalunga, mzee mrefu mwenye koti la zamani la reli, vifungo vyote vimefungwa. Nikampa kiti, akakikataa.

"Ni weye njo ulitengeneza ile taa?"

"Njo mimi, Papa. Pole sana. Lakini umeme ulikatika, na ile programu ya pili..."

"Sikuuliza umeme. Umeme ya hapa inakatikaka tangu Feza hajazaliwa. Weye haukujua?"

Nikafungua mdomo, mwanangu, nikaanza kumweleza habari za seva. Ndiyo, nilifanya hivyo. Mbele ya mtu aliyetoka kumzika mjukuu, nilianza kueleza kwamba tovuti haikuanguka hata kidogo, kwamba sehemu yangu kubwa ilifanya kazi. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Mimi nilikuwa shefu wa gare, mukubwa wa stesheni, kwenye njia ya Nyunzu," akasema. "Treni haitoke kwangu kama gare ya mbele haijajibu kama njia iko wazi. Napiga simu, wananyamaza, treni inabaki. Watu wanitukane, mukubwa wa kazi anitukane, inabaki. Kwetu kimya ilikuwa nyekundu. Weye, muntu wa masomo, kimya umeipaka kijani."

Akatoka.

Niliirudia kazi yote. Seva ya soketi ikawa inawaka yenyewe na umeme, sawa na mwenzake. Kila nusu dakika inaziambia simu "niko", nazo zinajibu "niko". Simu isiposikia mara mbili, taa inaacha rangi yake na kuwa ya kijivu, na chini yake maneno: Hatujui, piga simu. Kitufe cha maabara nacho hakigeuki mpaka seva ijibu kwamba imepokea. Isipojibu, kinamwambia fundi wazi kwamba haijapokea.

Unadhani walinishukuru? Mkubwa mmoja wa kazi aliniita. Hakuwa amefika kwenye mazishi, lakini kwa rangi ya kijivu alipata nafasi. "Hii kijivu itatoka kila siku," akasema. "Wageni watasema hatujue kazi." Nikamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye korido: "Itatoka kila siku kwa sababu laini inakufa kila siku! Tangu mbele ilikuwa inakufa vilevile, ila tulikuwa tunadanganya watu!" Nilidhani nitafukuzwa. Nilikuwa tayari kufukuzwa, na nikamwambia akinifukuza nitakwenda kituo kwa kituo kuwaambia wauguzi wasiiamini tena ile taa. Kijivu ikabaki.

Kabla ya kuifungua upya sikutaka hotuba wala soda. Nilimwita Papa Kalunga. Alikuja na koti lake, akakataa kiti tena. Nikampa simu yenye ukurasa wazi, taa ya kijani. Nikainama kuchomoa waya wa mtandao wa seva, akanizuia: "Acha, nitatosha ule waya mimi."

Akautoa. Akasimama na waya mkono mmoja na simu mkono mwingine, akitazama. Sijawahi kuona dakika moja ndefu namna ile. Taa ikawa kijivu. Akasoma maneno yale kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma amri ya njia: Hatujui, piga simu.

"Ingekuwa hivi ile siku," akasema, "muuguzi angepiga simu. Feza angeenda Nyunzu."

Akaweka simu mezani, akaweka waya kando yake, akaenda zake. Hakunisamehe, na sikumwomba. Feza mwenyewe namwona sokoni mara mojamoja. Tunasalimiana, na yeye ndiye anayeanza.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hili sitaki ulibahatishe. Laini zetu zinakufa; umeme, minara, mvua, zote zitaziua, na hakuna anayekudai uzizuie. Unachodaiwa ni kutomdanganya mtu wa upande wa pili. Kimya kisiwe na rangi ya habari njema. Usimwambie fundi "imepokelewa" kabla haijapokelewa. Programu mbili zinazokaa mashine moja ziamke pamoja, na usiniambie habari za wiki ijayo. Neno "hatujui" liandike kubwa kwenye ukurasa wako, hata mkubwa akinuna, hata likionekana kila siku. Muuguzi wa Kiambi mwenye mtoto aliyeumwa na nyoka anaweza kufanya kazi na "hatujui". Atapiga simu, atatuma mtu, atachagua njia nyingine. Kwa kijani chako cha uongo atapanda pikipiki.

Na usije kuniambia kazi imekwisha mpaka umemwita yule atakayeitegemea, ukampa waya auchomoe kwa mkono wake mwenyewe, ukasimama kando umngoje aseme ameona nini.

Hasira zangu zisikukimbize. Njoo na kompyuta yako, chai utaikuta. Mungu aibariki mikono yako, akuondolee aibu ya kusema sijui, na siku laini yako itakapokatika, maana itakatika, amjalie aliye upande wa pili ajue kwamba imekatika, angali na njia nyingine ya kwenda.