Kikombe cha Mzee Kilichogeuzwa cha Kaka Yangu

Admini, tafadhali nifiche vizuri, maana huku Wakongo tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Louisville, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Kwenye ukurasa huu huwa nasoma tu visa vya wenzangu na kucheka na komenti. Leo sicheki. Aliyeniumiza ni kaka yangu wa tumbo moja, yule aliyenibeba mgongoni tulipokimbia vita, akanilea kambini baada ya mama kufariki. Sasa yuko Buffalo na ni mzee wa kanisa, tena mzee wa kuheshimika.

Nilimhudumia babu mmoja, Mmarekani mweusi, mpaka alipofariki. Nilimwita Mzee, kama tunavyoita kwetu, naye alilipenda hilo jina ingawa lilimshinda kutamka. Maisha yake yote aliosha mazizi na kuwafunza farasi wa matajiri, mpaka akafanikiwa kununua farasi jike wake mwenyewe, mmoja tu. Huyo farasi akashinda mbio. Mzee akapewa kikombe cha fedha chenye mikono miwili, kimechongwa jina la farasi, na chini yake jina la Mzee. "Hata nilipoota mvi, kwingine kote niliitwa kijana wa zizini," aliniambia. "Hapa tu ndipo nimeandikwa mwenye farasi." Siku ile kwa furaha alimnywesha farasi maji humo humo, na mnyama akakiuma. Alama ya jino ilibaki kwenye ukingo. Kila nilipokisugua kwa kitambaa kidole changu kiliangukia hapo, na Mzee alicheka.

Mzee alikuwa na binti Columbus. Walikosana miaka mingi kwa sababu ya hao farasi, maana yule dada alisema baba yake aliwalea farasi akamsahau yeye. Karibu na mwisho walipatana kwenye simu, wakalia wote wawili, nami nimeshika simu. Mzee akanikabidhi kikombe: "Kimfikie mkononi. Usikipeleke posta." Kaburi lake mpaka leo halina jiwe, kwa hiyo jina lake lilikuwa kwenye kile kikombe tu.

Mimi naogopa kuendesha barabara kuu. Kaka alipokuja Louisville kwa harusi niliona Mungu amenijibu, maana akirudi Buffalo lazima apite Columbus. Nikakifunga kikombe kwenye kitenge changu kipya, nikampa pale kwenye maegesho, mke wake na watu wa harusi wakiona. Kwetu kaka mkubwa tunamwita Yaya. Nikamwambia, "Yaya, hii njo kikombe ya Mzee. Umufikishie mutoto wake." Akasema, "Usiogope, itafika." Baadaye akanipigia kwamba alibisha, hakuna aliyefungua, atapita siku nyingine. Nikaamini. Binti wa Mzee alipopiga nilimwambia avumilie, kiko njiani.

Hivi karibuni nilipanda basi kwenda Buffalo, wifi alikuwa amejifungua. Jumapili tukaenda kanisani kwao, ikawa ni Meza ya Bwana. Kikombe kikapita mkono kwa mkono kimezungushiwa kitambaa cheupe. Kiliponifikia, kidole gumba changu kikaangukia kwenye alama ya jino.

Nikakifunua. Jina la farasi halipo. Jina la Mzee halipo, fedha imekwanguliwa, na juu yake wamechonga: ZAWADI YA FAMILIA YA MZEE, halafu jina la kaka yangu. Watu wamefumba macho wanaimba. Nikakipitisha bila kunywa, na mama wa kando yangu akaniangalia kama nimefumaniwa.

Ibada ilipoisha nilimkuta kaka kwenye gari lake. "Yaya, umefanya nini?"

"Bon, dada, ulisema weye mwenyewe kikombe ya Mzee. Mu famille yetu Mzee ni nani? Haiko mimi?"

"Unajua nilisema mzee gani!"

"Ule alishakufa. Farasi yake ilishakufa. Majina ya wafu inafanya nini ku Meza ya Bwana? Donc niliitakasa."

"Na mtoto wake?"

"Utanipatisha haya mbele ya kanisa juu ya kikombe?" Kisha akashusha sauti. "Nani alikubeba?"

Wifi alikuwa amekaa kiti cha mbele na mtoto, akageukia dirishani. Mimi nikaondoka pale kwenye gari, kwa sababu kweli alinibeba. Na hilo ndilo linalonichoma zaidi: alijua neno litakalonifunga mdomo, akalitumia.

Sasa binti wa Mzee amepiga tena. Ameniuliza, "Ulikiuza?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi nipe anwani kilipo. Gari ninalo, nitakifuata mwenyewe." Nikimpa anwani, ataingia kanisani pale kwa kaka, na ninavyomjua hatazungumza kwa kunong'ona. Kaka ataumbuka mbele ya Wakongo wote wa Buffalo, na nitakuwa dada aliyemuuza ndugu yake. Nisipompa, mimi ndiye mwizi wa kikombe cha baba yake, na Mzee alikufa akiniamini.

Nilipoanza kuandika nilitaka niweke hapa jina la Mzee, angalau mlisome ninyi maelfu, mjue aliwahi kuwa na farasi wake. Nikakumbuka huku majina yanafichwa. Hata mimi nimemfuta. Ndugu zangu, yule dada anasubiri kwenye simu. Nimpe anwani, au ninyamaze?