Vioo vyangu juu ya paa la Baba

Admin, nifichie jina, maana maabara yetu ni ndogo na Baba ana marafiki wenye simu.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na minane. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwetu sasa ni Buhinyuza, Muyinga. Nimepanga Nyamugari hapa Gitega, namalizia shahada ya pili kwenye maabara ya umeme wa jua.

Kazi yangu ni kupaka vioo. Najicheka nikiandika hivyo, lakini ndiyo kazi. Kioo kidogo kama kiganja cha mtoto nakiweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, nakidondoshea dawa iitwayo perovskaiti, nahesabu sekunde, nadondosha dawa ya pili, halafu nakihamishia kwenye bamba la moto. Ukipatia, unapata utando mweusi unaong'aa, na huo ndio unaokamata jua. Unyevu ukiuingia unageuka njano, na kazi ya siku nzima imekwenda. Ndani yake kuna risasi, ile ya kwenye betri za gari, kwa hiyo vioo tusivyovitumia vinafungiwa kwenye debe, havitoki nje. Msimamizi aliniambia siku ya kwanza, "We dada, hii kitu iko sumu, usicheze nayo."

Mimi nikavitoa. Majirani walikuwa wanamsimanga Baba kwamba binti yake anazeekea shuleni na hakuna anachokijua. Baba mwenyewe aliacha shule kambini, na maneno hayo yalikuwa yanamla. Noeli nikamletea vioo vinane vyeusi nimevifunga kwenye kitambaa. Nikamwambia, "Hivi vinakamata jua, Baba. Nimevitengeneza kwa mikono yangu." Neno sumu sikulitamka. Niliona angeogopa na furaha yake ingeharibika.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani. Nikauliza vioo viko wapi. Baba akatabasamu, "Viko kazini, mwanangu." Alikuwa amevipanga juu ya bati, kando ya sola ndogo tunayochajia simu, eti ndugu wakae pamoja. Nikapanda ngazi. Vyote vinane vilikuwa vyeupe kabisa, bati linaonekana kupitia kioo. Mvua ilikuwa imeviosha.

Maji ya bati letu yanashuka kwenye mfereji, mfereji unamwaga kwenye pipa, na pipa ndilo tunalonywea. Mdogo wangu wa kike, mjamzito, alikuwa amesimama pale pale na kata mkononi, tumbo mbele, anakunywa.

Hapo ndipo nilipodanganya. Nilisema nimeona panya amekufa ndani ya pipa. Nikalimwaga mbali, nikalisugua mpaka vidole vikachubuka, vioo nikavificha kwenye begi. Mama akanisifu, "Ndiyo faida ya kusoma, macho yameona tusichokiona." Sifa ile iliniuma kuliko kofi.

Nilimshawishi mdogo wangu twende wote hospitali Muyinga mjini, nikisema ni kupima tu. Daktari akamuuliza, "Kuna kitu chochote umekula au umegusa?" Akajibu hakuna, kisha akanitazama mimi kwa sababu ndimi msomi. Kipimo cha risasi hakifanywi bila kuombwa, na kukiomba ilikuwa lazima niseme kwa nini, kwa hiyo sikukiomba. Utando ule ni mwembamba mno, huenda kilichoingia majini ni kidogo. Najiambia hivyo kila asubuhi. Lakini nimesoma pia kwamba kwa mtoto aliye tumboni hakuna kidogo kinachosemwa ni salama.

Nikisema, Baba atajua kwamba kitu alichojivunia kwa kijiji kizima ndicho alichomnywesha mjukuu wake. Namjua, hatapona. Na maabara itanifukuza kabla sijatetea tasnifu, na wana haki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa uchi ni wangu lakini mzazi ni mwingine.

Jana Baba kanipigia, sauti imejaa furaha. Mdogo wangu amesema akizaa msichana atampa jina langu, ili naye awe na akili za vioo. Halafu akaniomba nimletee vingine, vile vya kwanza mvua iliviosha vikapoteza rangi. Nikamjibu, "Sawa, Baba."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nianze kumwambia nani, na kwa maneno gani? Nitukaneni mkitaka, nimestahili, ila mnijibu upesi. Mimba ina miezi saba.