Kaka yangu amesema zizi la baba halina kaburi

Mtaro wa kwanza wa kutafuta dhahabu kijijini kwetu utapita katikati ya zizi la zamani la marehemu baba yangu. Aliyesema hivyo ni afisa madini mwenyewe, wiki iliyopita, mbele ya mkutano wa kijiji. Aliyempigia makofi kuliko wote ni kaka yangu mkubwa. Baba amezikwa ndani ya zizi hilo, na kaka anajua, maana yeye ndiye aliyeshika kichwa cha maiti tulipomteremsha.

Wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mwandishi wa habari. Naishi Singida mjini katika chumba kimoja cha kupanga, ila kwetu ni Iramba, upande wa Misigiri. Mwenye ukurasa huu amekubali kulificha jina langu, namshukuru. Kazi yangu ni kuandika mambo ya watu wengine. Hili la kwangu limenishinda.

Baba hakubatizwa wala hakusilimu. Alizikwa kama wazee wa ukoo wetu walivyozikwa, zizini, kisha ng'ombe wakapitishwa juu mpaka udongo ukalingana. Hakuna msalaba, hakuna saruji. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, boma lile lenye zizi lilibaki hame lisilokaliwa na mtu, limezungukwa na ua wa minyaa. Kila baada ya mavuno mama huenda pale na kibuyu cha pombe ya mtama, anamwaga kidogo, anamweleza mumewe nani kaoa na nani kafa. Mgeni akipita haoni kitu. Ataona samadi kavu.

Kaka ndiye mwenyekiti wa kijiji. Nimeandika habari za viongozi wengi na nilidhani nimewamaliza kuwajua, kumbe mmoja nilikuwa nakula naye sahani moja. Watafiti wa dhahabu walimpa jozi ya buti za mpira. Amezivaa kiangazi chote, ardhi imepasuka kwa ukame na yeye yumo ndani ya buti za mvua. Anakula nazo, anasali nazo kanisani. Ameagiza aitwe Ndugu Mwenyekiti hata nyumbani. Mama alimjibu, "Mimi nilizaa mtoto. Mwenyekiti sijui kazaliwa na nani."

Siku afisa madini alipokuja kupima mara ya kwanza, kabla ya mkutano ule, sikuwepo. Nimesimuliwa na watu watatu, kila mmoja peke yake, na maneno yao yanalingana. Afisa aliwasomea masharti ya leseni: penye kaburi hapachimbwi mpaka wenyewe waridhie. Kisha akauliza kama kuna makaburi.

"Hakuna," kaka akasema.

"Una hakika, Ndugu Mwenyekiti? Hapa naona paliishi watu."

"Hapa waliishi ng'ombe."

Watu wakacheka. Wengi wa waliocheka walikuwapo mazishini, na walikula nyama ya matanga. Lakini mwenyekiti ndiye anayegawa mashamba, kwa hiyo walicheka.

Baada ya mkutano wa wiki iliyopita nilimfuata kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka." Akaitikia huku akifuta buti kwa kitambaa. Nikamuuliza kwa nini amedanganya. Hakuona haya. Alisema mtaro ukihamishwa utaangukia kwenye hame la jirani yetu, yule aliyegombea naye uenyekiti.

"Unataka dhahabu ionekane kwake?"

"Dhahabu gani, kaka? Leseni ni ya kutafuta. Haijasema kuna kitu."

"Ninyi watu wa magazeti hamna imani."

"Na baba je?"

"Baba alikuwa mtu wa maendeleo. Angekubali."

Baba huyo alikataa bati mpaka anakufa, akisema linapiga kelele.

Nilipomwambia nitamweleza afisa, aliacha kufuta buti. "Fungua mdomo uone. Huyo mama yako utambeba ukakae naye mjini." Alisema mama yako, kana kwamba yeye aliokotwa. Mama anaishi kwake. Ni mzee, hawezi tena kulima peke yake, na mjini aliwahi kuja mara moja tu, akakataa hata kumaliza chai.

Gazeti langu, ambalo halijui lolote, limeniagiza habari ya mwenyekiti wa mfano. Wanataka na picha. Najua atavaa nini.

Asubuhi yake nilimkuta mama anapepeta mtama. Alikuwa ameshasikia yote.

"Mwanangu, wakimchimbua, mimi mtanizika karibu na nani?"

Akaendelea kupepeta.

"Wewe ndiye unayejua kusema na wenye vyeo. Sema. Akinifukuza, nimefukuzwa."

Ni rahisi kwake kusema hivyo, na ni mimi nitakayemtazama akitoka na mzigo wake kichwani katika umri ule. Kaka anaweza kuvuliwa uenyekiti, hata kuwekwa ndani kwa kuidanganya serikali. Hilo halininyimi usingizi. Mtu anayemuuza baba yake kwa buti hata sijui nimwite nani. Ninayemfikiria ni mama. Nikinyamaza, sururu itamfikia mumewe. Nikisema, hana pa kulala, na chumba changu hatakikubali.

Afisa madini atarudi kuweka vigingi vya mwisho Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Ameahidi kuuliza tena kama kuna mwenye neno. Mama ameshaniambia kwamba yeye atatangulia na kigoda chake, akae pale pale alipolala mumewe, na atakayetaka kuchimba aanze na kigoda.

Nisimame naye siku hiyo nimtaje kaka kwa jina, au kwanza nimtafutie mama nyumba ndipo niseme? Wenye wazazi na wenye ndugu wa aina hii, niandikieni kupitia ukurasa huu. Majibu yanifikie kabla ya Jumamosi hiyo.